Nimehamia Zanzibar kutoka Bara: je, huku mimi ni mgeni?

*"Mimi ni binti wa Sengerema, mkoani Mwanza. Miezi minne iliyopita nilipata kazi ya uhasibu katika hoteli moja huku Paje, Unguja. Nilipokwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, kuomba barua ya kupeleka benki, aliniambia nijiandikishe kwake kwanza, kisha nifuatilie kitambulisho cha mkaazi. Nikamwonyesha cha NIDA, akasema hicho ni cha Taifa, yeye anataka cha hapa. Sasa nimepata kiwanja Jambiani kwa bei nzuri, ila muuzaji anasema kwa kuwa mimi ni wa Bara tuandikishe kwa jina la mwenyeji. Nimechanganyikiwa. Tanzania si nchi moja? Kama Zanzibar ina rais wake, bendera yake na vitambulisho vyake, mbona sisi wa Bara hatuna vyetu? Na mimi huku ni nani hasa?"*

Dada yangu, kabla ya yote: huyo muuzaji usimpe hata shilingi moja. Sababu nitaieleza kwa kirefu huko mbele, lakini jambo hilo lisisubiri mpaka umalize kusoma.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Nikikusoma vizuri, kinachokuuma zaidi ya karatasi ni ile hali ya kuulizwa wewe ni nani katika nchi uliyofundishwa tangu darasa la kwanza kuwa ni yako. Naielewa hali hiyo, tena kutoka upande wa pili wa maji. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na nimeishi Dar es Salaam miaka kumi na miwili, nikisoma kisha nikifundisha sheria ya katiba. Huko niliulizwa mara nyingi kama "nyie Wazanzibari" ni Watanzania kweli au la. Kwa hiyo swali lako silioni dogo.

Jibu ni kwamba wewe si mgeni Paje. Ni raia wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na uraia huo ni mmoja tu. Hakuna uraia wa Zanzibar wala wa Bara. Hakuna afisa wa uhamiaji anayeweza kukufukuza Unguja, na kazi yako ya uhasibu haihitaji kibali cha kazi cha mgeni kama anachohitaji mpishi aliyetoka Italia. Watu wazima wa huko kwenu huenda wanakumbuka zama ambazo mtu wa Bara aliingia Zanzibar kwa pasi ya kusafiria. Utaratibu huo ulikwisha zamani.

Lakini ndani ya uraia huo mmoja kuna hadhi nyingine inayoitwa Uzanzibari, na hadhi hiyo inabeba haki ambazo wewe, kwa sasa, huna. Sheha wako hakukosea. Kosa, kama ni kosa, ni la sisi walimu tulioufundisha Muungano kwa picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo tukaishia hapo, bila kueleza udongo upi ulichanganywa na upi ulibaki kila mmoja kwenye chombo chake.

Chukua taa ya chumbani kwako. Umeme unaoiwasha unatoka Bara: unashuka baharini Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari na kuibukia Fumba. Ukiishiwa, lakini, hununui wa TANESCO. Unanunua wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kwa bei iliyopangwa Zanzibar. Sasa geukia mlangoni. Akija polisi, ni wa Jeshi la Polisi Tanzania, chini ya waziri wa Muungano. Ukiumwa ukaenda kituo cha afya, dawa na daktari wako chini ya Wizara ya Afya ya Zanzibar. Waziri wa Afya unayemwona akizungumza Dodoma hana mamlaka juu ya kituo hicho. Noti unayolipia nauli ya daladala ni ya Benki Kuu ya Tanzania, jambo la Muungano. Barabara ambayo daladala hiyo inapita si ya Muungano. Mtoto wa jirani yako akifika kidato cha nne atafanya mtihani wa NECTA sawa na mtoto wa Sengerema, ila skuli yake (huku tunasema skuli) inaendeshwa na wizara ya Zanzibar. Ukishitaki, kesi yako itapanda hadi Mahakama Kuu ya Zanzibar, ambayo ni tofauti na ile ya Bara. Ukikata rufaa, zote mbili zinakutana kwenye Mahakama ya Rufani ya Tanzania, isipokuwa mambo yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi na yale ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar.

Mgawanyo huo una orodha yake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar iliupata tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964. Aprili 22 mwaka huohuo Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano, na tarehe 26 Aprili Muungano ukazaliwa. Hati zile hazikusema kila kitu kiwe kimoja. Zilitaja mambo 11: katiba na serikali ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, biashara ya nje na mikopo, utumishi wa Muungano, kodi ya mapato na ushuru wa forodha, na bandari pamoja na anga, posta na simu. Kisichokuwa kwenye orodha kilibaki mikononi mwa Zanzibar. Baadaye orodha ikaongezwa, sarafu ikiwa miongoni mwa vilivyoingia mapema, na leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 ina mambo 22. Ardhi haimo. Usajili wa wakaazi wa Zanzibar haumo. Afya, elimu ya msingi na sekondari, kilimo na serikali za mitaa hazimo.

Sasa swali lako gumu zaidi: mbona Bara hamna vyenu? Wengi hudhani serikali ya Bara ilisahaulika au ilifutwa kwa hila. Muundo uliochaguliwa ulikuwa wa serikali mbili. Zanzibar, kwa udogo wake, ilibaki na serikali yake kwa hofu ya kumezwa. Tanganyika ikaweka mambo yake yote ndani ya Serikali ya Muungano. Ibara ya 34 ya Katiba inalisema hili wazi: Serikali ya Jamhuri ya Muungano ina mamlaka juu ya mambo ya Muungano kwa nchi nzima, na juu ya mambo mengine yote yanayohusu Tanzania Bara. Kwa hiyo Serikali iliyoko Dodoma imevaa kofia mbili. Inaponunua ndege ya jeshi imevaa ya Muungano. Inapojenga zahanati Sengerema imevaa ya Bara, ingawa mlangoni jina lililoandikwa ni lilelile. Wewe umeizoea serikali hiyo maisha yako yote bila kuziona kofia kuwa ni mbili. Umeziona mara ya kwanza ulipovuka kwa boti, saa mbili tu kutoka Dar es Salaam.

Na je, Zanzibar ni nchi? Inategemea unasoma katiba ipi, na sisemi hivyo kwa kukwepa. Katiba ya Muungano inaanza kwa kusema Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kuwa Zanzibar si nchi, na kelele zilizofuata hapa visiwani nazikumbuka hadi leo. Hata barazani kwa wauza kahawa hapakuzungumzwa jambo jingine. Miaka miwili baadaye, Zanzibar ilirekebisha Katiba yake ya 1984, ikaandika kuwa Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Maneno yote mawili yapo kwenye vitabu hadi sasa. Mbele ya mataifa, Tanzania ni dola moja: kiti kimoja Umoja wa Mataifa, pasi moja, jeshi moja. Nyumbani, Zanzibar ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano, mahakama zake na, tangu 2005, bendera yake. Lile neno "nchi" limebebeshwa mzigo mzito kuliko linavyoweza kubeba.

Turudi kwa sheha. Usimfananishe na mwenyekiti wa kitongoji wa kwenu. Yule mlimchagua kwa kura. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na anawajibika juu kuliko chini. Kazi yake mojawapo ni kujua nani anaishi kwenye shehia yake, ndiyo maana barua ya sheha inaombwa kila mahali, kuanzia benki hadi kuunganishiwa maji. Kitambulisho alichokutajia hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 2018. Wakala huo husajili makundi matatu: Mzanzibari mkaazi, mkaazi asiyekuwa Mzanzibari, na mgeni wa nchi nyingine. Wewe uko kundi la pili. Kitambulisho hicho si kibali cha kuishi kwa hisani ya mtu; kinathibitisha unaishi wapi. Cha NIDA kinathibitisha wewe ni raia. Viwili hivyo havigombani, na usikubali kuambiwa cha NIDA hakina thamani huku, wala usikasirike ukiombwa vyote viwili.

Mzanzibari ni nani, basi? Wengi wanafikiri ni suala la damu, au rangi, au dini. Sheria ya mwaka 1985 haisemi hivyo. Inaanza na raia wa Tanzania aliyekuwa akiishi Zanzibar hadi ile tarehe 12 Januari 1964, awe asili yake ni Makunduchi, Songea au Hadramaut. Kisha inawachukua wanaozaliwa na mzazi Mzanzibari. Hata mzazi mmoja anatosha, kwa hiyo ukiolewa na Mzanzibari huku, watoto wako watakuwa Wazanzibari. Sheria hiyo pia inaacha mlango kwa Mtanzania aliyeishi Zanzibar miaka mingi mfululizo kuomba hadhi hiyo. Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi wangu ni Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alizaliwa Kivure, Mkuranga, mkoa wa Pwani wa leo, akaletwa Unguja akiwa mtoto kusoma Mangapwani. Mtoto huyo wa Bara alikuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano.

Sasa kiwanja. Kwa sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992, ardhi yote ya visiwani iko chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar, na haki ya kuitumia kama mmiliki hupewa Mzanzibari aliyetimiza miaka 18. Wewe, kwa hadhi yako ya sasa, huwezi kuandikishwa. Muuzaji anakijua hicho, ndiyo maana anakuletea njia ya jina la mwenyeji.

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu baba mmoja wa Iringa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari yenye mistari: maelezo ya kiwanja kwa kalamu ya risasi, majina ya mashahidi wawili, na dole gumba la wino wa buluu la mtu aliyekubali kumshikia jina. Baba yule alikuwa amejenga vyumba vitatu, akachimba kisima na kupanda minazi ambayo tayari ilikuwa imeanza kuzaa. Mwenye jina akafariki. Warithi wake, ambao wala hawakuwa watu wabaya, walipopiga hesabu ya mirathi waliikuta ardhi ile kwenye jina la marehemu, wakagawana. Niliisoma karatasi ile mara tatu nikitafuta pa kushika, sikupaona. Ungeanzia wapi kuidai mahakamani, wakati hoja yako ya kwanza ni kwamba mlikubaliana kuikwepa sheria? Alirudi Iringa na bahasha yake. Ndiyo sababu nimekwambia usilipe.

Unaweza kuuliza, na una haki ya kuuliza, mbona Mzanzibari anayekwenda Mwanza ananunua kiwanja Nyegezi bila kuulizwa neno. Ni kweli. Sheria ya Ardhi ya Bara ya 1999 inamtazama raia wa Tanzania, na Mzanzibari ni raia. Mizani hii haiko sawa, na sitakudanganya kwamba iko sawa. Watu wa Bara wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi na malalamiko yao yana mashiko.

Lakini tazama na upande wa huku. Kwa sensa ya 2022, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Kati yao, Zanzibar ilikuwa na 1,889,773 tu, wamejazana kwenye visiwa ambavyo eneo lake halifiki kilomita za mraba 3,000. Hiyo ni zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita ya mraba, ilhali Bara ni chini ya 70. Fungua soko la ardhi ya Paje na Jambiani kwa watu milioni 60, na ufuo ule unaoutazama kila asubuhi, ambako akina mama wanalima mwani, utakuwa umeuzwa kabla mtoto wa mvuvi hajafikia umri wa kujenga. Kumbukumbu ya ardhi huku nayo ni nzito: baada ya Mapinduzi serikali iliitaifisha na kuwagawia wakulima eka tatu tatu, na wako wazee ambao hadi leo wanakuonyesha "eka zangu tatu" kwa sauti ya mtu anayeonyesha cheti cha uhuru wake. Mimi naona kizuizi hiki kina sababu ya haki. Naona pia kwamba Mtanzania wa Bara aliyeishi na kulipa kodi hapa miaka mingi anastahili njia iliyonyooka na iliyo wazi zaidi kuliko iliyopo.

Mjadala huu haujafungwa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipendekeza mwaka 2013 muundo wa serikali tatu, pamoja na kupunguza mambo ya Muungano hadi saba. Katika muundo huo mngekuwa na serikali yenu ya Tanganyika. Bunge Maalum la 2014 likarudi kwenye serikali mbili, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Huku visiwani wapo wanaotaka mamlaka zaidi, na bado wanasimulia kauli ya Mzee Karume kuwa Muungano ni kama koti, likikubana unalivua. Huko Bara wapo wanaotaka serikali moja. Wote hao ni Watanzania wanaozungumza juu ya nyumba yao.

Kwako wewe, hapo Paje, kuna haya ya kufanya. Nenda kwa sheha na nakala ya NIDA, barua ya mwajiri na uthibitisho wa unapoishi, ujiandikishe, kisha peleka barua atakayokupa kwenye ofisi ya Wakala ya wilaya yako. Kwenye hati ya mshahara utaona unakatwa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, badala ya NSSF ya Bara. Kama ulichangia NSSF ukiwa Bara, zungumza nao mwenyewe ana kwa ana juu ya michango ile, usiiache ikalala. Kura ya Rais wa Muungano na ya mbunge unayo hata ukiwa hapa. Hamishia taarifa zako Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi wakati wa kuboresha daftari la wapiga kura. Kura ya Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na diwani ni ya Mzanzibari aliyeandikishwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ambaye naye lazima awe ameishi jimboni miezi 36 mfululizo. Nafasi nyingi za ajira serikalini huku pia hutangazwa kwa Wazanzibari, ila hoteli na kampuni binafsi ziko wazi kwako.

Kuhusu makazi, panga nyumba. Mkataba wa pango ulioandikwa na kusainiwa mbele ya wakili ni halali kwako na utakulinda. Kama una akiba kubwa, kuna sheria ya mwaka 2010 inayoruhusu kununua fleti ndani ya jengo bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, na kuna ukodishwaji wa ardhi ya uwekezaji kupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar. Njia hizo mbili ni za pesa nyingi, na kwa mshahara wa mwaka wa kwanza sikushauri uzikimbilie.

Na kama tayari umetoa chochote kwa ajili ya kiwanja cha Jambiani, hata kishika uchumba, hapo maandishi yangu hayatoshi. Usiende kugombana na muuzaji peke yako. Chukua risiti, ujumbe wa simu na karatasi yoyote mliyoandikiana, uende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, mjini Unguja, ambako wanasaidia bila malipo, au kwa wakili aliyeandikishwa kufanya kazi Zanzibar. Wakili wako wa Mwanza hawezi tu kupanda boti akasimama kwenye mahakama za huku. Nenda wiki hii, wakati muuzaji bado anapokea simu zako.